Yangeyange wa Chekereni na uzi wetu

Yangeyange mdogo ana miguu myeusi ti mpaka chini kabisa, halafu ghafla vidole vya njano, kama mtu aliyekanyaga ndoo ya rangi. Ndiyo alama ya kumtenga na yule mwenzake mwenye mdomo wa njano anayefuata ng'ombe malishoni. Mwezi wa pili mwaka huu niliona mmoja kwenye tuta la jaruba la mama mdogo, Chekereni, kusini mwa mji wa Moshi. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, na sikushangaa, maana ndege wa majini husimama hivyo siku zote. Nikaendelea kushusha mifuko ya mbolea kwenye bodaboda. Nilipogeuka tena alikuwa ameuteremsha mguu wa pili, na mwishoni mwa mguu ule hapakuwa na njano. Palikuwa na kigutu.

Kigutu chenyewe kilikuwa kikavu: fundo gumu la kijivu, halina damu wala usaha, ukubwa wake kama punje ya hindi. Jeraha la siku nyingi kidogo. Ndege akapiga hatua mbili, akazama upande wa kulia, akajiinua kwa bawa, akapiga hatua nyingine. Nikaacha mifuko.

Tangu siku hiyo nimemtazama karibu kila Jumamosi, mwanzo kwa darubini ya kuazima, kisha kwa yangu. Sasa ni mwezi wa nane, na nimefika mahali nina neno la kusema. Ndege wa porini aliyejeruhiwa na bado anajilisha hahitaji mikono yetu imshike. Anahitaji mikono hiyo ikaondoe ilichokitundika. Watu wengi pale shambani wanakubali nusu ya maneno haya na kukataa nusu nyingine, kila mmoja kwa nusu yake, na ndiyo maana naandika.

Nianze na namna anavyokula, kwa sababu mambo yote yamo humo.

Yangeyange mdogo mzima ana ufundi wake. Anasimama kwa mguu mmoja ndani ya maji ya kina cha kiganja, mguu mwingine anautetemesha kwenye tope, zile njano zikicheza chini, mpaka chura au kisamaki aliyejificha ashtuke na kukimbia. Hapo shingo inafyatuka. Jamii yote ya koikoi na yangeyange ina pingili ya sita ya shingo iliyo ndefu kuliko kawaida, na kwenye pingili hiyo ndipo shingo inapojikunja kama herufi S na kuachia. Tunachokiona sisi ni mdomo umekwenda na kurudi na kitu kinachocheza. Lakini aliyeanzisha kazi ni mguu.

Wa kwetu hana mguu huo wa kulia. Ukisema autumie wa kushoto kuvuruga tope, basi itabidi asimamie kigutu, na hapo ndipo penye ugumu. Vidole vinne vilivyotanuka hubeba uzito wa ndege juu ya tope kama ubao. Kigutu hutoboa kama fimbo. Nilimwona akijaribu mara kadhaa wiki zile za mwanzo, majaruba yalipokuwa yamejazwa maji tu na tope lake laini kama uji. Kila alipojaribu alizama mpaka kwenye kifundo, akapiga mabawa, akarudi kwenye tuta amelowa kifua. Baadaye akaacha. Sijawahi kumwona akijaribu tena.

Alichofanya badala yake kilinichukua mwezi mzima kukielewa. Kwanza alihamia kwenye midomo ya maji, pale mfereji unapofunguliwa kuingia jarubani. Tuta pale ni gumu, limekanyagwa na miguu ya watu, na maji yenyewe yanaleta vitu: viluwiluwi, wadudu, vijiperege vidogo vilivyochukuliwa kutoka mferejini. Anasimama ukingoni kwa mguu wake mzima na kungoja. Pili, aliijua pawatila. Kijana anapolima, yale magurudumu ya chuma yanachota tope na kulipindua, na kila chenye uhai ndani yake kinaruka. Yangeyange wote hufuata pawatila, hilo si jipya. Lakini wenzake huja dakika chache, wakishiba au wakichoka hurudi mferejini kuvuruga tope kwa miguu yao. Yeye alikuwepo tangu mashine inawashwa mpaka inazimwa. Ikizimwa, alibaki amesimama pale pale kwa muda, akiitazama.

Jambo la tatu lilikuwa dogo, na ndilo lililonigusa kuliko yote. Ndege hawezi kujisafisha kichwa kwa mdomo wake. Mdomo hauwezi kufika uliko. Hutumia mguu. Na jamii hii ya ndege imepewa kichanuo: ukucha wa kidole cha kati una meno upande mmoja, kabisa kama kitana, wa kuchambulia manyoya yaliyoshikana kwa tope na utelezi wa samaki. Mguu wa kulia huchana upande wa kulia, wa kushoto upande wa kushoto. Jumamosi moja ya mwezi wa tatu alikuwa kwenye tuta umbali wa kama hatua ishirini kutoka kwangu, akiwa ameshiba kidogo. Akainamisha kichwa upande wa kulia, akainua mguu wake wa kulia, na kigutu kikaanza kwenda mbio hewani karibu na shavu, mbio mbio, kama anajikuna. Hakikugusa kitu. Akafanya hivyo mpaka mwendo ukakamilika, akashusha mguu, akatulia. Ukimtazama kwa darubini utaona kwamba upande wa kushoto wa kichwa chake ni mweupe pe, na wa kulia, kuanzia nyuma ya jicho kushuka shingoni, una rangi ya chai.

Watu huniambia: sasa tatizo liko wapi, ndege hawa si husimama mguu mmoja hata wakiwa wazima? Ni swali zuri, lina jibu. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Marekani, Young-Hui Chang na Lena Ting, walionyesha kwamba hata mzoga wa heroe unaweza kusimamishwa kwa mguu mmoja bila kuanguka, kwa jinsi maungio yalivyopangana uzito ukiwa juu yake. Yaani kusimama hivyo hakumgharimu ndege nguvu za misuli, au kunamgharimu kidogo sana. Tena mguu uliokunjwa ndani ya manyoya haupotezi joto. Kwa hiyo ni kweli, kusimama si taabu kwake. Taabu ni kutembea, kuruka, kutua, kuchana, kuwinda. Na mzima akichoka mguu mmoja hubadili. Huyu mguu wa kushoto haupumziki, na ndege anayeelemea mguu mmoja muda mrefu huvimba chini ya unyayo, ngozi ikapasuka, na kidonda kikaingia mpaka kwenye mfupa. Wafugaji wa kuku wazito wanaujua ugonjwa huo. Mwezi wa saba nilianza kumwona mchana amelala kwenye tuta, ameketi juu ya vifundo vyake, jambo ambalo wenzake hawalifanyi mahali pa wazi penye mbwa na kenge. Nadhani ndipo anapoupumzisha.

Sasa tuje kwenye kilichomkata.

Kile tunachokiita goti la ndege, lile linalopinda kwenda nyuma, kwa kweli ni kifundo. Goti lake halisi limefichwa na manyoya karibu na tumbo. Kutoka kifundo kwenda chini hakuna nyama, ni mfupa, kano na ngozi kavu. Misuli mikuu inayovuta vidole iko juu. Ndiyo maana ndege mwenye miguu mirefu anaweza kukatika mguu chini na asife kwa kutoka damu. Na ndiyo maana uzi mwembamba unaweza kumkata bila yeye kupambana sana. Uzi unajizungusha, anavuta, unakaza. Damu haifiki kwenye vidole. Vidole vinavimba, vinakuwa vyeusi, vinakauka, na baada ya wiki kadhaa vinadondoka vyenyewe kama kikonyo cha tunda. Kigutu kilichobaki huwa kimekwisha kufunga. Yule wa kwetu alikuwa na kigutu cha namna hiyo hasa: kimekatika mviringo, sawasawa, juu kidogo ya vidole. Mbwa hakati hivyo, wala kenge.

Uzi huo nimeununua mimi. Msimu uliopita mama mdogo aliniomba nimletee nailoni ya kuamia ndege, nikapita soko la Mbuyuni, nikachukua roli nne za ile nyembamba isiyo na rangi kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kamba. Tulizifunga kwenye vigingi juu ya mpunga, mistari kwa mistari. Mpunga ulipovunwa tukaondoka na magunia, uzi ukabaki. Majirani nao hivyo hivyo. Ukipita pale saa moja asubuhi jua likiwa limelala utaziona, nyuzi za misimu mitatu, zimelegea, zimeshuka mpaka usawa wa maji, nyingine ziko chini ya maji kabisa, pale pale ndege mwenye miguu mirefu anapoburuta vidole vyake. Kwenye mojawapo nilikuta mguu mdogo wa kwelea umening'inia, mkavu kama njiti ya kiberiti, mwenyewe hayupo.

Simlaumu mama mdogo, wala sitakubali mtu wa mjini amlaumu. Kwelea mmoja anakula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Peke yake si kitu. Lakini kwelea haji peke yake. Kundi la milioni moja ni tani 10 kwa siku, na hapa Lower Moshi mpunga uko mwaka mzima, shamba moja likichanua wakati jingine linapandikizwa, tangu Wajapani walipotujengea skimu hii ya umwagiliaji na kuikamilisha mwaka 1987. Mtu mwenye jaruba moja anaweza kulala ana mavuno na kuamka ana makapi. Njia nyingine zipo na kila moja ina bei yake. Kuamia kwa watu, kwa makopo na kombeo kuanzia alfajiri mpaka magharibi, maana yake mara nyingi ni mtoto kukosa shule. Ndege ya serikali kunyunyiza fenthioni kwenye malalo ya kwelea maana yake ni sumu inayoua pia tai, bundi na korongo wanaokula kwelea waliokufa. Nikipewa kuchagua kati ya sumu ile na uzi, nachagua uzi. Ninachokikataa ni uzi kubaki ukifanya kazi baada ya sisi kumaliza kazi.

Na jambo hili si la mashambani tu. Mwaka 2019 watafiti wa makumbusho ya taifa ya viumbe ya Ufaransa walichapisha matokeo ya kuchunguza njiwa wa mji wa Paris ambao vidole vyao vimekatika. Miongoni mwa mambo waliyoyakuta ni kwamba vidole vilivyokatika vilikuwa vingi zaidi kwenye maeneo yenye saluni nyingi za nywele. Nywele za binadamu zinafagiliwa nje, zinabaki kwenye lami, zinajizungusha kwenye vidole vya njiwa. Niliposoma hilo nilifikiria mitaa yetu ya kati, rasta zilizokatwa zikipeperushwa mpaka kwenye mtaro, na njiwa wanaochota makombo mbele ya migahawa. Tangu hapo nimekuwa nikiangalia miguu yao. Nawe angalia utakaposhuka mjini.

Pale shambani, ndege huyu ameshapata maoni mengi kuliko mwenyekiti wa kitongoji.

La kwanza ni la huruma ya maneno. Babu mmoja mlinzi wa mfereji, siku ya kwanza nilipomwamkia, aliitikia, "Marahaba mwanangu," akanyoosha fimbo kuelekea kwa ndege, akasema, "Hujafa hujaumbika." Ni neno la hekima, na kwa binadamu lina kazi yake: linamzuia aliye mzima asimcheke asiye mzima, kwa kuwa hajui kesho yake. Babu alilisema kwa upole na nililipokea hivyo. Lakini neno lile lile likirudiwa na kila anayepita, linakuwa kama mlango wa kufunga mazungumzo. Ameumbika hivyo, basi. Wakati huyu hakuumbika hivyo. Amefanywa hivyo, na mlango ule ukifungwa hatuuoni uzi.

La pili ni la mahubiri. Jirani yetu wa jaruba la juu, mtu mwema anayesali sana, amemfanya mfano: ndege mdogo huyu hana mguu na hakati tamaa, sembuse wewe uliyekosa ajira. Namheshimu, ila hapa simfuati. Anayesema hivyo hajamwona akizama kifua kwenye tope, hajaona ule upande wa kichwa wenye rangi ya chai. Na kuna kosa kubwa zaidi la hesabu: tunaowaona ni wale waliobaki. Aliyefungwa uzi miguu yote miwili, aliyekatika juu zaidi kwenye nyama akavuja damu, aliyeshindwa kujifunza pawatila, wote hao waliliwa na kenge usiku na hakuna aliyehubiri habari zao. Tukimchukua mmoja aliyenusurika tukamfanya kipimo, tutajiambia kwamba uzi haudhuru sana, mbona huyu anadunda. Watu wenye ulemavu katika mji huu wanaijua tabia hiyo, ya kupigiwa makofi kwa kupanda ngazi badala ya kujengewa njia ya kupita.

La tatu ni la mikono, na hili ndilo ninalolijua kwa maumivu. "Kwa nini msimshike mkampeleka kwa daktari wa mifugo?" Miaka miwili iliyopita, kwenye mfereji mwingine, tulimkuta koikoi mkubwa wa kijivu anayechechemea, kidole kimoja kimevimba. Alikuwa anaruka, alikuwa anakula. Mimi ndiye niliyesema tumsaidie. Vijana watano tukamkimbiza majarubani kama nusu saa mpaka akachoka, tukamrushia shati, tukamfunga kwenye boksi la sabuni lenye matundu, nikampeleka mjini kwa bodaboda. Jioni ile alikuwa hawezi kusimama kwa miguu yote miwili, hata ule uliokuwa mzima. Alikaa ameegemea ukuta wa boksi, shingo imelala. Saa nne usiku alikufa.

Baadaye nilijifunza kwamba hilo lina jina lake kwa madaktari wa wanyama, na kwamba ndege wenye miguu mirefu, heroe, korongo, koikoi, ndio wanaoathirika upesi kuliko wengi. Mnyamapori akikimbizwa na kushikwa kwa hofu kubwa, misuli yake hufanya kazi kupita kiasi, inajaa asidi, inaanza kuharibika yenyewe, na sumu za misuli iliyokufa zinaingia kwenye damu. Miguu inalegea. Anaweza kufa siku ile ile, anaweza kufa baada ya siku kadhaa akiwa ameshaachiwa na watu wakiamini wamemwokoa. Tulimkimbiza koikoi yule kwa nusu saa kwa ajili ya kidole kimoja. Nimekuwa nikilibeba hilo.

Kwa hiyo sheria inaposema usimkamate mnyamapori bila kibali, nayo ni Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, mimi siisomi tena kama katazo la urasimu tu. Wapo wanaopaswa kushikwa: yule ambaye uzi bado umemning'inia na unaendelea kukaza, yule asiyeweza kuruka, yule aliyekonda mpaka mfupa wa kifua umetokeza kama kisu. Hapo apigiwe simu ofisa wanyamapori, na atakayemsogelea ajue kwamba koikoi na yangeyange hulenga macho ya mtu, tena hawakosei. Lakini ndege ambaye jeraha limefunga na tumbo lina kitu, dawa yake ni kuachwa.

Kuna aliyeniuliza, kwa moyo safi kabisa, kama hawezi kutengenezewa mguu wa bandia. Swali hilo lina haki ya kuulizwa Moshi kuliko mahali pengi, maana hapa kwenye hospitali ya KCMC tangu mwaka 1981 kuna chuo kinachofundisha mafundi wa viungo bandia, na wanafunzi wake wametoka nchi nyingi. Kwa ndege limeshafanyika. Mwaka 2021 madaktari wa Vienna, wakiongozwa na Oskar Aszmann, walieleza jinsi walivyompachika tumbusi mwenye ndevu aitwaye Mia mguu wa bandia ulioshikwa moja kwa moja kwenye mfupa, na akaweza kuutumia kutembea na kutua. Unajua Mia alipotezaje mguu? Wazazi wake walitandika kiota kwa sufu ya kondoo, nyuzi za sufu zikamzunguka mguu akiwa kinda. Uzi tena. Lakini Mia anaishi kwa watunzaji, analetewa chakula, mguu wake unakaguliwa. Chuma kilichopita kwenye ngozi mpaka mfupani, kikaachiwa kwenye tope la jaruba lenye mbolea na kinyesi cha ng'ombe, kingeozesha mguu kabla ya mpunga kuchanua.

Nataka kuongeza kitu kuhusu huko kutazama kwenyewe, maana nimeulizwa kuna faida gani.

Mwaka 1822 huko Mecklenburg, Ujerumani, alipigwa risasi korongo mweupe aliyekuwa na mkuki umempita shingoni, mkuki wa urefu wa karibu sentimita 80, wa mti na ufundi wa Afrika ya Kati. Aliruka nao mpaka Ulaya. Wakati huo wasomi wa kule walikuwa bado wanabishana ndege hao huenda wapi majira ya baridi. Wapo waliosema hujificha chini ya maji. Mkuki ule ukawajibu. Korongo yule bado amehifadhiwa Chuo Kikuu cha Rostock, mkuki wake shingoni. Jeraha lake lilikuwa habari iliyosafiri kutoka kwetu kwenda kwao, na kuna aliyetulia akaisoma.

Kigutu hiki nacho ni habari. Kabla yake, yangeyange wa Chekereni kwangu walikuwa weupe sitini, mmoja sawa na mwingine. Watafiti huwavalisha ndege pete za chuma ili wamtambue mmoja mmoja. Mimi nimepewa kigutu. Kwa sababu yake najua kwamba ndege mmoja anaweza kushika majaruba yale yale sita miezi yote hii. Najua anafika saa kumi na mbili na nusu akitokea upande wa Mto Rau, na huondoka jua likigusa miti. Najua ni yangeyange gani mkubwa anayemfukuza kwenye mdomo wa maji wa tatu, na kwamba wa pili wanamwachia. Najua akitaka kuruka hutafuta kwanza ukingo wa tuta ili ajiangushe, kwa sababu ndege huanza kuruka kwa kuisukuma ardhi kwa miguu miwili na yeye ana mmoja. Haya yote ni ya yangeyange wote, ama karibu yote. Nilikuwa siyaoni kwa kuwa hakuna aliyekuwa na alama ya kunifanya nimtazame mara ya pili.

Ninachokipendekeza kwa wenzangu wa skimu ni kidogo sana. Tuna taratibu zetu tayari: kila mtu anajua siku yake ya maji, kila mtu anajua kipande chake cha mfereji cha kusafisha, na asiyesafisha anatozwa. Liongezwe hili moja, kwamba kuvuna hakujaisha mpaka uzi umetolewa. Na anayenunua, anunue kamba nene ya rangi au utepe mpana unaopigwa na upepo. Ndege anauona, anaukwepa, nao unatoa mlio. Nailoni isiyo na rangi haimtishi kwelea asiyeiona. Inamfunga tu, yeye na yeyote mwingine.

Nilimweleza mama mdogo haya yote mwezi wa saba, tumeketi chini ya mkuyu tukinywa chai, kwa urefu kama nilivyoeleza hapa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta kikombe kwa kanga.

"Uzi ulinunua wewe, mwanangu," akasema. "Ukautoe wewe."

Nikautoa Jumamosi iliyofuata, na yeye akaja na watoto wawili. Tulitembea mstari kwa mstari kwenye mabua ya mpunga, mmoja anang'oa kigingi, mwingine anazungushia uzi kwenye gunzi la hindi. Ule uliozama kwenye udongo ulitoka na mizizi. Ilituchukua kutoka asubuhi mpaka adhuhuri, na magunzi yalijaa ndoo ya lita ishirini. Miguu yetu ilikuwa ikitimua panzi kwenye mabua kila hatua, wakiruka kushoto na kulia.

Mtoto mkubwa ndiye aliyemwona kwanza. Alikuwa nyuma yetu, hatua kama kumi na tano, juu ya tuta, akiinama upande wa kulia na kujiinua, akidona panzi mmoja, akimeza, akisogea tena. Tukisimama anasimama. Tukienda anakuja.

"Usigeuke geuke," mama mdogo akaniambia, gunzi mkononi. "Zungusha uzi."